Daftari la vitabu ndilo lililotuambia Nyanya hayupo

Alhamisi moja mwezi uliopita nilikua ndani ya stoo ya kanisa letu huku Kisauni, Mombasa, napanga vitabu, joto la saa nane lile mnalijua, mabati yanalia juu na jasho ladondokea kurasa, alafu nikafungua daftari la kuazimia nione nani hajarudisha. Ni daftari tu la kurasa mia mbili, nimelichora laini kwa rula, tarehe, jina, kitabu, kimerudi. Jina moja likanisimamisha. Kuna nyanya mmoja pale kanisani, wote twamuita Nyanya na hapa pia nitamuita hivo, alikua ameazima kitabu cha masimulizi ya Biblia chenye herufi kubwa na zilikua zimepita wiki tisa. Nyanya si mtu wa kukaa na kitu cha wenyewe. Kila kitabu anachochukua hukivalisha gazeti, na akikirudisha baada ya wiki mbili anakivua lile gazeti mbele yako ndio uone hakuna doa.

Nikampigia simu haishikwi. Nikasema ngoja niende, nikapanda tuktuk hadi Mshomoroni, nikauliza kwa mwenye duka, nikaonyeshwa uchochoro. Na sasa hapa ndio ninaona uchungu hadi leo ninapoandika. Niliuliza! Miaka minane naketi viti viwili nyuma ya huyu mama kila Jumapili, nampa amani, najua leso zake zote, na nyumbani kwake ilibidi nionyeshwe na muuza duka.

Nilimkuta kitandani. Alikua ameteleza bafuni akavunjika nyonga, akalazwa, akatolewa, na sai alikua ni wa kugeuzwa na kulishwa. Mwanawe yuko Nairobi anatuma pesa, lakini pesa haimgeuzi mtu kitandani. Aliyekua akimgeuza ni jirani yake, mama mmoja Muislamu wa mlango wa pili, ndiye asubuhi anampikia uji wa mchele na tui, anamuosha, anamfungulia dirisha, alafu anaenda kwa shughuli zake. Nilipoingia huyo mama alikua ameshika bakuli. Akaniangalia, akaniambia bila hasira yoyote, "Kwani hamkuambiwa? Mimi nilidhani kanisani mwajua, manake simu yake yaingia ujumbe wenu kila wiki."

Niliichukua ile simu nikasoma. Ni kweli ujumbe ulikua unaingia. Ni ule wa kukumbushana ahadi ya taili.

Yaani ilibidi nikae chini. Kanisa letu tuna mpango wa kuweka taili na silingi, kila mshirika ana bahasha yenye namba na ana ahadi yake, na simu ya mweka hazina inatuma ukumbusho kwa kila ambaye hajamaliza. Mweka hazina wetu ni mtu mwema sana, simlaumu hata kidogo, alifanya kazi tuliyompa wote kwenye mkutano na mimi nilinyoosha mkono. Lakini ona hilo jambo lilivyo. Tulikua na mtambo wa kujua bahasha namba fulani haijaja, na hatukua na njia yoyote ya kujua Nyanya hajaja. Aliyetuambia ni kitabu.

Nyanya mwenyewe neno lake la kwanza lilikua, "Ndoo," yaani njoo, "kaa hapa mwanangu. Kitabu chako hicho juu ya kabati, sikukiharibu." Kilikua kimevalishwa gazeti.

Nieleze hivi vitabu vilitoka wapi, kwa sababu watu wakisikia maktaba ya kanisa wanafikiri ni chumba chenye rafu na feni. Ni katoni nne. Babangu alikua karani pale bandarini, mtu wa shifti, akirudi asubuhi analala, akirudi jioni anatusomea. Stima ikipotea anawasha taa ya chemni anaendelea. Hakua na elimu kubwa lakini alikua akinunua vitabu vya mkono wa pili pale chini kando ya barabara huko mjini, viwili vitatu kila mwisho wa mwezi, na alikua anasoma kwa sauti hata akiwa peke yake. Mamangu naye alikua na Biblia yake ya Union Version, jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu, na ukurasa wa kwanza ameandika siku tuliyozaliwa kila mmoja wetu kwa kalamu ya wino, na mtoto mmoja kati yetu ana tarehe mbili kwenye mstari wake. Sisi tulijua tuna ndugu aliyekufa mchanga kwa sababu ya ule ukurasa. Hakuna aliyewahi kutukalisha chini kutuambia.

Babangu alipofariki ndugu zangu wakasema vile vitabu tuvipeane, vinakaliwa na mchwa bure. Mimi nikaviomba nikavipeleka kanisani, mchungaji akanipa kona ya stoo pale penye ngoma na viti vilivyovunjika. Mwaka wa kwanza waliazima watoto tu. Alafu Nyanya akaja, akauliza kama kuna chenye herufi kubwa manake "mato yamechoka", yaani macho, na tangu siku hiyo wazee wakaanza kuja mmoja mmoja. Nyanya anaongea Kimvita chake safi, Kiswahili cha Mombasa, njoo kwake ni ndoo, nchi ni nti, macho ni mato, hajali nani amekaa hapo. Alishaniambia kwamba alipokua msichana watu wazima wa kwao walinung'unikia Biblia hii tunayotumia, wakisema Kiswahili chake si cha Mombasa. Na ni kweli kabisa. Kulikua na tafsiri ya Kimvita huku na ya Kiunguja kule, zikaja kuunganishwa, Biblia nzima ikatoka mwaka 1952, ndio maana ya lile jina la Union. Mimi nilisoma jambo hilo mahali, yeye aliliishi nyumbani kwao, na kwa miaka minane sikumuuliza kitu.

Sasa nije kwenye kitu kinachonisumbua. Kanisa letu pwani hii halikuanza na jengo. Mmishonari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 mwezi wa Mei, na kufikia Julai alikua ameshamzika mkewe Rosina na kitoto chao kichanga, kaburi liko Mkomani mpaka leo, ukienda Nyali unalifikia. Mwezi wa Juni, katikati ya hayo yote, alikua ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyekaa naye kumsaidia ni kadhi, Sheikh Ali bin Muhiddin. Nalifikiria sana hili tangu nimkute yule mama na bakuli la uji. Kadhi Muislamu alimsaidia mmishonari aandike maneno ya kwanza ya Biblia kwa lugha yetu, na jirani Muislamu ndiye aliyelinda uhai wa mshirika wetu wiki hizo zote sisi tukiwa kwenye taili. Hapa Mombasa ndivyo tulivyo, tumelelewa kwa mlango wa pili, na mimi naona ni neema ya Mungu, siwezi kuiita jina lingine.

Mmishonari mwenzake, Rebmann, akamfuata Krapf mwaka 1846, wakafungua misheni Rabai. Na mtu wa kwanza kubatizwa na misheni hiyo alikua nani? Si mfalme wala tajiri. Ni mlemavu mmoja aliyeitwa Mringe, na alibatizwa akiwa anaugua kufa. Yaani kanisa letu pwani nzima limeanzia kando ya kitanda cha mgonjwa, mtu ambaye ili umuone ilikua lazima uende kwake. Kila mwaka tunapeleka vijana Rabai kwa basi, wanapiga picha, tunawaambia hapa ndipo Injili ilipoanzia, na katika safari zote hizo sikuwahi kusikia mtu akimtaja huyu Mringe. Tunawaonyesha majengo.

Najua kuna watakaosema mchungaji ndiye kazi yake kutembelea. Mchungaji wetu ni mmoja, ana mazishi, ana ndoa, ana kesi za mashamba, ana watu mia tatu na pikipiki moja mbovu. Haiwezekani. Na Mombasa ina shida yake ambayo bara hawaijui sana, huku kiti kikiwa kitupu Jumapili hakikuambii kitu. Nusu ya watu wetu wako hoteli za Bamburi na Shanzu, msimu wa wageni hawaonekani miezi. Wengine bandarini shifti, wengine walinzi, kina mama wa Kongowea wako sokoni kabla jua halijatoka. Tumezoea mtu kupotea alafu anarudi na tunacheka naye. Hiyo desturi ni nzuri kwa sababu hatumhukumu mtu, lakini ndio hiyo hiyo iliyomficha Nyanya. Kila mtu alidhani amesafiri kwa mwanawe. Mimi pia nilidhani hivo, nakumbuka kabisa nikijiambia atakua Nairobi.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba tumechelewa kuwa na daftari la watu. Si la michango, hilo tunalo na limeshonwa vizuri. La watu, na liwe la kukutana nao kwa kitu kidogo mkononi. Grupu ya WhatsApp haitoshi, Nyanya ana simu ya mulika mwizi, na hata wenye simu kubwa wanaweka alama ya moyo kwenye ujumbe wako huku wanalia. Kitabu kina uzuri wake, kikitoka lazima kirudi, na kurudi kwake kunalazimisha watu wawili waonane uso kwa uso. Unabisha hodi una sababu. Mtu haoni aibu kwamba umekuja kumchungulia shida zake, wewe umefuata kitabu, alafu unaambiwa ukae, unaletewa chai na viazi karai, na baada ya dakika kumi ndio unasikia kwamba mtoto hajaenda shule wiki mbili.

Tumeanza hivi. Vijana sita wa kwaya wamegawana mitaa, mmoja Mshomoroni, mmoja Bombolulu, mmoja Kengeleni hadi Freretown, na wengine kwingine, kila mmoja ana mkoba wa vitabu vitano na nyumba zake. Wiki ya kwanza tu, watu wanne tuliodhani wamehama hawajahama. Mmoja alikua amefutwa kazi na anaona haya kuja bila sadaka. Haya kuja bila sadaka, mtu wa nyumba ya Mungu! Tulimwambia aje, na akaja Jumapili iliyopita akaketi nyuma kabisa karibu na mlango, na mzee mmoja wa kanisa akainuka mbele akaenda kuketi naye.

Kwa Nyanya huenda kijana wa kidato cha pili, kila Alhamisi baada ya shule. Anamsomea. Anasoma mbio mbio kama mtangazaji wa mpira na Nyanya anamsimamisha, "Hebu rudi hapo, hilo neno umelila." Juzi niliwakuta wako watatu, yule jirani alikua ameketi kizingitini anachambua mchicha na yeye pia anasikiliza, ilikua ni habari ya Yusufu na ndugu zake, na wakafika pale anapotumbukizwa kisimani. Jirani akasema hiyo sisi pia tunayo, na akaanza kuisimulia ilivyo upande wao, mchicha ukabaki mapajani, na Nyanya akazima redio asikie vizuri.

Nyanya anaanza kukaa mwenyewe, akishikwa kwapani anafika mlangoni.

Jumapili ijayo kuna mkutano baada ya ibada na kwenye ajenda ni silingi. Sitaipinga, mvua ikinyesha hatusikizani humo ndani na wazee wanataka baridi kidogo. Nitaomba elfu tatu kwa mwezi, nauli ya tuktuk ya wale vijana sita na gundi ya kubandikia vitabu. Na nitaomba ule ujumbe wa ahadi usitumwe kwa mtu yeyote kabla hajatembelewa. Nimeshaongea na mweka hazina, tuliongea kwa muda nje ya geti, yeye mwenyewe amelia, na ameniambia atalisema yeye kwenye mkutano kabla yangu.

Kitabu cha Nyanya nimekiandika kimerudi. Amechukua kingine siku hiyo hiyo, cha hadithi ndefu, na gazeti la kukivalishia alinituma mimi dukani.