Chama cha Wakusanyaji wa Sarafu Uganda Kianze na Daftari

Kila wakusanyaji wa sarafu wa Kampala wanapokutana, hoja ya kuunda chama cha kitaifa huibuka kabla chai haijapoa, na ikishaibuka orodha ya mahitaji huanza kurefuka: ofisi mjini, nembo, mwenyekiti na makamu wake, maonyesho ya kila mwaka katika Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kamwokya, barua kwa Benki Kuu, uhusiano na vyama vya ng'ambo. Sina ugomvi na lolote kati ya hayo. Ugomvi wangu ni na mpangilio wake, kwa sababu chama kichanga chenye wanachama wachache na mfuko mwepesi hakiwezi kuyabeba yote kwa pamoja, na kile kinachotangulizwa ndicho huamua chama kitakuwa cha namna gani baadaye. Maoni yangu ni kwamba kazi ya kwanza iwe kuandika, yaani kuweka daftari la kitaifa la sarafu zilizotumika Uganda, kila ingizo likiwa na maelezo ya mahali sarafu ilipopatikana, jinsi ilivyofika hapo na jinsi wenyewe walivyoitumia. Mengine yanaweza kusubiri miaka miwili mitatu bila kuharibika, ilhali hili linapungukiwa kila mwaka unaopita.

Tuchukue senti za alumini za mwaka 1907 na 1908. Zilitolewa kwa jina la Himaya za Afrika Mashariki na Uganda, enzi zile hesabu zikifanywa kwa rupia, na zilikuwa miongoni mwa sarafu za kwanza duniani kutengenezwa kwa alumini kwa matumizi ya kila siku. Hazikudumu. Hali ya hewa yetu iliila alumini hiyo, na baada ya muda mfupi nafasi yake ikachukuliwa na mchanganyiko wa shaba na nikeli. Kwa mkusanyaji, kipande hicho chepesi ni sehemu ya historia ya sarafu za dunia nzima. Kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ni alumini tu, tena kidogo mno hata kutajwa kwenye mizani. Hutupwa ndani ya gunia pamoja na vifuniko na sufuria zilizotoboka, na gunia likafika Katwe, mtaa wa Kampala ambako mafundi huyeyusha alumini kuukuu na kumimina sufuria mpya. Siwalaumu mafundi wa Katwe hata kidogo. Hakuna kati yetu aliyewahi kuwapelekea karatasi yenye picha ya sarafu hizo na kuwaambia, mkiiona hii iwekeni kando, tutainunua kwa bei inayozidi ya chuma.

Picha iliyo juu ya senti hizo ina habari yake pia. Pembe mbili za ndovu zilizopinda kuzunguka tundu la katikati ziliendelea kuonekana kwenye senti za Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa, kisha zikarudi, safari hii bila tundu, kwenye senti 5, 10 na 20 za shaba ambazo Benki Kuu ya Uganda ilizitoa mwaka 1966, mwaka ule ule ilipofungua milango yake. Serikali huru ilibadilisha jina, ikabadilisha benki, lakini pembe za ndovu ikaziacha pale pale. Huo ni mjadala mtamu kwa mwalimu yeyote wa historia, na senti zenyewe bado zimo katika makopo ya vifungo na misumari majumbani, kwani mabadiliko ya fedha ya Mei 1987, yaliyozigeuza shilingi 100 za zamani kuwa shilingi 1 mpya, yalizifanya zisifae hata kununulia kiberiti. Kitu kisichofaa kununulia kiberiti hakilindwi na mtu.

Yafaa nieleze ninachomaanisha ninaposema daftari, maana wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria orodha ya aina, miaka na alama za viwanda. Orodha hiyo ipo tayari. Katalogi za kimataifa zimekwisha kuandika uzito wa shilingi ya simba (ile ya Afrika Mashariki ya enzi ya ukoloni), kipenyo chake na idadi iliyotengenezwa kila mwaka, na chama chetu kikitumia nguvu zake kunakili hayo kitakuwa kimekesha bure. Ambacho katalogi hizo hazina ni maisha ya sarafu zikishavuka mpaka na kuingia vijijini. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, kati ya Waingereza na ufalme wa Buganda, uliweka kodi ya rupia 3 kwa kila nyumba, na kodi ya namna hiyo ndiyo iliyowalazimisha watu waliokuwa wakinunua na kuuza kwa kauri za baharini watafute chuma chenye kichwa cha mfalme. Walikipata wapi? Walikificha vipi? Nani aliwavunjia rupia, na kwa hila gani? Majibu yamo vinywani mwa wazee waliosimuliwa na wazazi wao, na wazee hao hawatungoji tumalize kuchagua nembo.

Niliwahi kuonyeshwa mjini Bombo kamba ya ngozi iliyotungwa senti 10 za Afrika Mashariki, zile zenye tundu. Ukizitazama kwa karibu ungeona kwamba tundu la kila sarafu lilikuwa limelika upande mmoja tu, upande uliokuwa ukining'inia, na kwamba ngozi ilikuwa na fundo baada ya kila sarafu kumi. "Fundo moja shilingi moja, mwanangu," alinieleza bibi aliyekuwa nayo, na akaongeza kwamba marehemu babake, askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, ndiye aliyeifunga hivyo ili aweze kuhesabu akiba yake gizani kwa vidole. Baadaye kamba hiyo iliuzwa. Mchuuzi aliyeinunua aliikata, akazisugua sarafu kwa majivu na limau hadi zikang'aa kama vifungo vya sare, kisha akaziuza moja moja kwa watalii. Sarafu zote bado zipo duniani, pengine ziko kwenye kabati za watu wenye nia njema kabisa, lakini hakuna hata mmoja wao anayeweza kujua kwamba zamani zilikuwa benki ya askari mmoja. Kama mtu angekuwa na daftari siku ile, angepiga picha ya kamba, akapima nafasi kati ya fundo na fundo, akaandika maneno ya bibi, na biashara ingeendelea bila kumdhulumu mtu. Nami naongeza hapa, ingawa ni nje kidogo ya hoja, kwamba kusugua sarafu kongwe ni kuiharibu. Utando wa rangi unaoikalia kwa miaka mingi ndio ngozi yake, na ukishauondoa haurudi.

Faida nyingine ya daftari ni kinga dhidi ya uongo, na katika biashara yetu uongo umekithiri. Kila mkusanyaji wa Afrika Mashariki amepigiwa simu na mtu anayedai kuwa na rupia ya Mjerumani inayovuta punje za mchele kama sumaku, au sarafu yenye zebaki ndani, au kipande ambacho tajiri fulani wa ng'ambo amekitengea mamilioni. Watu wameuza ng'ombe kwa ajili ya hadithi hizi. Sarafu inayosingiziwa mara nyingi ni ile ya mwaka 1936 yenye jina la Edward VIII, na ni kweli kwamba historia yake inavutia: mfalme huyo wa Uingereza aliachia ufalme Desemba ya mwaka ule ule bila kuvikwa taji, na sarafu zenye jina lake zilizoingia mikononi mwa watu ni za makoloni machache tu, Afrika Mashariki ikiwemo, kwa kuwa senti zenye tundu hubeba jina bila picha ya uso. Lakini zilitengenezwa kwa mamilioni. Nyingine zina herufi H ya kiwanda cha Heaton, nyingine KN za King's Norton, vyote vya Birmingham, na mtu mwenye subira huzipata kwa bei ya mlo wa mchana. Kinachowaponza watu ni kudhani kwamba kila chenye kisa kizuri lazima kiwe na bei kubwa.

Vivyo hivyo kwa shilingi ya simba. Zile za mwanzo, kuanzia 1921, husifiwa mitaani kuwa fedha tupu, wakati ambapo fedha ndani yake ni robo tu na sehemu iliyobaki ni metali nyingine. Shilingi yenyewe ina uzito wa takriban gramu 7.8, hivyo fedha halisi haifiki hata gramu 2, na zile za kuanzia mwaka 1948 hazina fedha kabisa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi wenye hesabu hiyo, ukabandikwa masokoni na kutumwa kwa simu, ungewaokoa watu wengi kuliko semina yoyote ya hotelini.

Wapo wenzangu wanaosema kwamba ingekuwa bora chama kianze kwa kutoa orodha ya bei, kwani bei ndiyo inayovuta wanachama. Nakubali kwamba inavuta. Inavuta madalali kwanza, kisha vijana wenye majembe, na mwisho wezi. Bei itangazwe, lakini baada ya watu kujua wanachokinunua, na itangazwe na wale wasiouza. Kwa sababu hiyo ningependa katiba ya chama iseme wazi kwamba mchuuzi wa sarafu anaweza kuwa mwanachama mwenye haki zote isipokuwa kushika daftari na kuthibitisha uhalali wa sarafu.

Pendekezo ambalo nalipinga kwa nguvu zaidi ni lile la kukifanya chama kiwe mwombaji wa sarafu za kumbukumbu kutoka Benki Kuu. Uganda imeshakuwa na sarafu za aina hiyo, njema na zisizo njema. Ziara ya Papa Paulo VI ya mwaka 1969, ambayo ilikuwa ya kwanza kwa papa aliye madarakani kufika Afrika katika nyakati hizi, iliadhimishwa kwa seti ya sarafu za fedha na za dhahabu, na ilistahili, kwani tukio lilikuwa letu. Shilingi 1,000 ya mwaka 2012, ya miaka 50 ya uhuru, iliingia katika matumizi ya kawaida na kila mtu aliweza kuishika. Kati ya hizo, hata hivyo, na baada yake, zimetolewa kwa jina la nchi yetu sarafu nyingi za wanyama na matukio ya mbali ambazo Mganda wa kawaida hajawahi kuziona, kwa sababu zimetengenezwa kwa ajili ya masoko ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Mtu anayekusanya hizo asidharauliwe, ila chama cha kitaifa kisiwe wakala wake. Ndovu wa kuchorwa kwenye sarafu mpya hawatakwisha. Kamba za Bombo zimekwisha.

Kuhusu vijana sina mengi ya kusema, kwa kuwa jambo lenyewe ni jepesi. Waanze na kilichopo mfukoni: sarafu za 1998 zenye ng'ombe wa Ankole, samaki na korongo mwenye taji, pamoja na ile shilingi 50 ambayo makondakta na wenye vibanda wameanza kuikataa. Waongeze shilingi 1, 2, 5 na 10 za mwaka 1987, ambazo mfumuko wa bei uliziua zingali changa. Mtoto wa shule anaweza kukamilisha yote hayo bila kumwomba mzazi pesa ya maana, na akifundishwa kuandika alikopata kila moja atakuwa amekwisha kuingia kazini.

Ofisi na usajili navyo visitutishe. Chama cha wakusanyaji wa sarafu cha Marekani, ambacho wengi wetu hukitaja kama kielelezo, kiliasisiwa Chicago mwaka 1891, lakini jarida lake lilikuwa limeanza kutoka mwaka 1888, kazi ya daktari mmoja, George Heath, aliyekuwa akikusanya sarafu. Hati ya Bunge la nchi yao walikuja kuipata mwaka 1912. Waliandika kwanza, wakasomana, wakajuana, ndipo wakakaa mezani kuchagua viongozi. Sisi tunataka kuanza na viongozi.

Daftari lina hatari yake moja ambayo ni lazima ikabiliwe tangu ukurasa wa kwanza. Maelezo yanayosema fulani wa kijiji fulani ana kopo la rupia chini ya kitanda ni mwaliko kwa majambazi, kwa hiyo jina la mwenye mali na nyumba yake viandikwe katika nakala moja tu inayofungiwa, na kinachosambazwa kitaje wilaya peke yake. Mwenye sarafu aulizwe kwanza na aruhusiwe kukataa. Mwandishi asinunue chochote katika nyumba anayoiandikia, hata akibembelezwa, maana siku atakayonunua ndiyo siku maelezo yatakapoanza kupambwa. Kwa mahali pa kuanzia ningependekeza Bombo, kwa sababu ya familia za askari. Jinja, kwa sababu ya maduka ya zamani na vitu vilivyoachwa mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa. Na Katwe, siku moja kila mwezi, penye mizani ya vyuma chakavu, mtu akiwa na kalamu, kamera ya simu na noti chache za kununulia alumini kabla haijafika kwenye tanuri.