Fisi Ndani ya Kabati

Kabati la vitabu la darasa la chekechea linamtosha mtu mzima mmoja, ili mradi akubali kuweka magoti kidevuni. Nalijua hilo kwa sababu nimekaa humo karibu nusu saa, soksi mkononi.

Soksi ndiyo fisi mwenyewe. Nilimshonea vifungo viwili vya macho, kimoja kikubwa kuliko kingine, basi akawa na sura ya mtu anayedaiwa.

Zamani nilikuwa nasimulia kama redio: naanza, namaliza, nusu ya darasa wamesinzia. Kisha nikasoma habari za Mmarekani Grover Whitehurst na wenzake. Mwaka 1988 walichapisha utafiti wa watoto wa miezi 21 hadi 35. Wazazi walifundishwa kuwaachia watoto kazi ya kusimulia: uliza swali lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana, pokea jibu, liongezee nyama. Baada ya mwezi mmoja tu watoto hao walikuwa wamewapita wenzao kwa kujieleza. Nikasema hapa ndipo pangu. Kuhusu makabati sikusoma lolote.

Siku hiyo mwalimu wa chekechea akaniachia darasa, akaenda ofisini.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Mama Sungura anatoka, watoto wanabaki, mlango usifunguliwe bila neno la siri. "Neno gani?" nikauliza. Wakabishana, wakaafikiana: kidole gumba. Usiniulize kwa nini. Nikalipokea. Kisha: "Fisi akija atafanya nini ili afunguliwe?"

"Atajifanya mwalimu!"

"Vizuri sana! Atajifanya mwalimu, tena mpole. Atasemaje?"

"Atasema shikamoo!"

Nikawasifu mno. Nilipouliza fisi afanywe nini, binti mmoja mwenye pengo akanyoosha kidole kwenye kabati. Nani angekataa? Nikaingia, nikinguruma. Nikasikia komeo: kwa!

Mwanzoni tulicheka sote. Baadaye nikabaki nacheka peke yangu.

"Haya wanangu, hadithi imeisha. Nifungulieni."

"Fisi huyo!"

"Mimi ni mwalimu!"

Darasa zima likalipuka kwa furaha. Fisi anafuata hadithi vilivyo!

Nikakumbuka. "Kidole gumba!"

Kimya. Minong'ono. Kisha sauti ya yule binti: "Hilo la zamani. Fisi alikuwepo tukilichagua, kwa hiyo tumelibadilisha."

Nilitamani kumpa nyota ya daftari, ila mkono mmoja ulikuwa ndani ya soksi na mwingine nimeukalia. Punde jicho likatokea kwenye tundu la ufunguo.

"Fisi, unadhani kwa nini hatufungui?"

"Kwa sababu mnaniogopa?"

"Vizuri sana! Kwa sababu tunakuogopa. Na nini tena?"

Ndugu yangu, kuulizwa maswali yako mwenyewe kwa sauti yako mwenyewe, gizani, goti likiwa limekufa ganzi! Tena nilijibu. Nilijieleza kuliko nilivyowahi kujieleza maishani.

Hatimaye nikasikia viatu vya Mwalimu Mkuu. Nikakusanya adabu yote niliyobakiwa nayo.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Usifungue!" wakapiga kelele sauti thelathini. "Tulijua atasema shikamoo!"

"Marahaba," akajibu, taratibu, kama mtu aliyeamkiwa na fanicha. "Nani yumo humu?"

"Fisi!"

Akatafakari. Nikasubiri busara ya mtu mzima.

"Haya, fisi," akasema, "neno la siri?"

Mwalimu wa darasa ndiye aliyenitoa aliporudi, na hata yeye alinong'onezwa kwanza. Nilitambaa nje kwa magoti, soksi ikitangulia. Neno jipya wanalijua walimu wote. Juzi nilimsikia mlinzi wa getini akilitamka. Aliponiona akakohoa, akabadilisha mazungumzo.