Kibao kipya kikisimikwa, cha zamani king'olewe

Ninyi mnaosimamia barabara mnasema vibao vya barabarani vilivyopitwa na wakati vitaondolewa kidogo kidogo. Hiyo kidogo kidogo ndiyo inayonitia hofu. Ireland ilipoacha maili na kuhamia kilomita kwenye vibao vya mwendo, tarehe 20 Januari 2005, ilifanya kwa mkupuo, na vibao vipya vikaandikwa "km/h" chini ya namba ili dereva asichanganyikiwe. Huku kwetu Tanzania fundi anamaliza barabara, anaondoka, kibao chake cha 50 kinabaki porini miaka. Nimeshapigwa faini kwenye kibao cha namna hiyo, hapana nyumba, hapana shule, lami imenyooka. Jamani, kipya kikisimikwa asubuhi, cha zamani kisilale hapo.