Kenya mbili za Joseph Kessel

Joseph Kessel, mwandishi wa habari na riwaya wa Kifaransa aliyezaliwa Argentina mwaka 1898 na kulelewa Urusi na Ufaransa, alitumia njia ileile karibu maisha yake yote: gazeti linamlipia safari, anaandika makala za mfululizo, kisha riwaya inafuata. Mwaka 1930 gazeti la Paris, Le Matin, lilimtuma Bahari ya Shamu kufuatilia biashara ya watumwa. Miaka miwili baadaye ikatoka riwaya yake Fortune carrée.

Wanaomsifu husema njia hiyo ndiyo iliyompa uhai. Wanaomlaumu husema ripota hukaa siku chache, huona kilichoko barazani, na riwaya hurithi upofu huo. Kenya inatupa nafasi ya kuwapima wote.

Kessel alifika huko wakoloni wa Kiingereza wakiwa wameshatangaza Hali ya Hatari, na kitabu chake cha safari, La Piste fauve (1954), kinawazungumzia waasi wa Mau Mau waziwazi. Lakini katika Le Lion (1958), riwaya iliyomletea wasomaji wengi kuliko zote, vita hivyo si sehemu ya mgogoro wa hadithi. Tuko Amboseli: mzungu mlinzi wa wanyama, mkewe anayeogopa pori, binti yao Patricia na simba wake King. Oriounga, moran wa Kimaasai, anataka kumuua simba ili ajulikane kuwa mwanamume.

Kiufundi, kazi ni safi. Msimulizi ni mgeni anayepita, kwa hiyo kila mwenyeji anamweleza siri yake, na sisi tunaisikia pamoja naye. Ila hila hiyo ina gharama. Kwa Wamaasai anafika zaidi kupitia Patricia, ndiyo maana Oriounga ana kiburi, mkuki na urembo, lakini hana mawazo tunayoyasikia.

Na Amboseli haikuwa pori tupu. Ilifanywa hifadhi mwaka 1948 huku wafugaji wakiendelea kunywesha ng'ombe wao kiangazi kwenye vinamasi vinavyolishwa na maji ya Kilimanjaro. Ugomvi halisi ulikuwa wa maji na malisho. Kessel akaugeuza kuwa wa ujana na mapenzi.

Watetezi wana hoja moja nzito: kitabu hakimsamehe mzungu. Patricia ndiye anayemchochea moran, na baba mtu ndiye anayempiga King risasi. Nakubali. Lakini adhabu hiyo inabaki ndani ya nyumba ya mlinzi. Riwaya inafika manyatta, lakini hasara ya huko, iliyokuwa kubwa zaidi, haiisimulii.