Tango Limeingia Ngeli ya Chapati

Jamani, leo asubuhi nimepewa tango.

Sisemi kachumbari. Sisemi tango la kusindikiza pilau kwenye shughuli za watu. Tango lenyewe, limekatwa miduara, limepangwa kwenye sahani ileile ya bluu inayobeba chapati zangu mbili tangu tuoane, na pembeni yai moja la kuchemsha limekaa peke yake kama mtuhumiwa. Chai ipo, sukari haipo. Nikamuuliza mama watoto kwa upole, maana nilishajua kuna jambo, "Chapati ziko wapi?" Akainua kidevu kuelekea sahani. "Si hizo?"

Hizo!

Mnajua mambo haya yanakoanzia. Unaenda zahanati kwa ajili ya goti, wanakupima presha, wanatazamana, wanakupima tena mkono wa pili kana kwamba wa kwanza umesema uongo. Goti hakuna aliyeligusa mpaka leo. Nikaambiwa nipunguze mwili, nipunguze chumvi, nipunguze mafuta, nipunguze mawazo. Kwenye mawazo nikataka kuuliza yanapunguziwa dirisha gani, nikaogopa kurudishwa kwenye foleni. Daktari akauliza kama nafanya mazoezi. Daktari, mimi nakaa Igogo, hapa Mwanza, kule juu, ambako bodaboda anakushusha njiani na kukupa pole. Kila siku napanda mawe kama pimbi. Kama mlima ungekuwa unakata kitambi, Igogo nzima tungeshabaki mifupa.

Sasa binti yangu mkubwa anasomea mambo ya lishe, na yuko likizo. Siku ya pili tu akabandika karatasi ukutani, juu kabisa ya kalenda, imeandikwa BADALA YA. Badala ya chapati, tango na yai. Badala ya chipsi, karoti. Badala ya sukari kwenye chai, mdalasini. Badala ya soda, maji yenye kipande cha limao. Hapo kwenye soda alinitesa kwa vitendo: akachukua chupa ya mililita 350, akaleta bakuli na kijiko cha chai, akaanza kupima sukari iliyomo humo, kijiko baada ya kijiko, vikafika 9. "Baba, ungeweza kula sukari hii hivi hivi?" Nikamwambia mwanangu, hivi hivi siwezi, ndiyo maana wakaitia gesi.

Badala ya wali ndipo nilipoomba maji ya kunywa. Eti kuna kolifulawa, unaikuna kwa kikunio cha karoti, unaipitisha motoni, inakuwa kama wali. Mimi mtoto wa Magu. Nimekulia kwenye majaruba, nimewinga ndege kwenye mpunga kabla sijajua kufunga vifungo vya shati. Leo nile ua lililokunwa, nilitazame usoni niliite wali?

Kisha kuna vichokozi. Anasema kila mtu ana vyakula vyake vinavyomchokoza, ambavyo akionja kimoja hasimami, na dawa ni kuvijua na kutoviweka karibu. Akanipa karatasi niandike vyangu. Nikaandika chapati, chipsi mayai, vitumbua, sambusa za nyama, sato wa kukaanga hasa pale kichwani, karanga za kukaanga, maandazi ya jana yaliyochovywa kwenye chai, nikageuza karatasi. Akaja akasoma, akasema, "Baba, hii siyo orodha ya vichokozi, hii ni orodha ya chakula." Hakujua kuwa kimoja nilikiacha makusudi. Mtu mzima hatoi siri zote kwa mtoto.

Hamu ikija, anasema, usiikimbilie. Kunywa maji, subiri dakika 20, itapita yenyewe. Naam. Mimi kila asubuhi nasubiri daladala dakika 20 hizohizo, na pale kituoni kuna mama wa vitumbua. Anavigeuza kimoja kimoja kwa kijiti, polepole, kama analaza watoto. Dakika 20! Hamu haikupita. Iliyopita ni daladala, imejaa mpaka mlangoni.

Lakini kinachoniuma zaidi mtakielewa nyinyi mliotoka kijijini. Mwisho wa ile karatasi kuna vyakula ninavyoruhusiwa. Ugali wa dona. Mlenda. Majani ya kunde. Dagaa wa kuchemsha waliwe na mifupa yake, eti ndiyo yenye madini. Viazi vitamu vya kuchemsha, na ukikosa vibichi, matobolwa, vile vilivyochemshwa vikakaushwa. Wabheja sana, yaani asanteni! Hivyo ndivyo vyakula nilivyovikimbia. Nilipanda lori kuja mjini nikiwa na shati moja ili nisivione tena, bibi yangu akaniaga kwa kunifungashia michembe, viazi vikavu, kwenye kitambaa, nikaila njia nzima huku naapa kuwa ndiyo ya mwisho. Nimehangaika na cherehani miaka yote hii ili nifikie wali mweupe na soda baridi. Nimefika, nimekaa, sijamaliza hata kuvuta kiti, daktari ananirudisha kwa bibi. Tena bibi alikuwa anatoa bure. Hapa mjini matobolwa yamefungwa kwenye mfuko wenye picha ya mama anayecheka, ukiuliza bei unajua anacheka nini.

Basi mchana nikashuka kwa mama ntilie wetu, nyuma ya mabanda ya Makoroboi. Pale nakula tangu kibanda kikiwa cha maboksi. Tuna daftari. Anayejua habari za daftari haulizi.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia Kisukuma, yaani habari za mchana, mama.

"Mwadila, fundi. Leo nikutilie wali maharage na sangara juu, au ugali?"

Nikasafisha koo. Nilikuwa nimejiandaa. "Mayu, leo nipe samaki wa kuchemsha. Mboga za majani zijae nusu ya sahani. Na wali, weka kiasi cha ngumi."

Upawa ukasimama hewani.

"Ngumi ya nani?"

Hapo binti alikuwa hajanifikisha. Alisema ngumi, hakutaja mwenye nayo. Nikakunja ya kwangu nikamwonyesha. Mkono wa fundi cherehani unajulikana, umezoea sindano. Mama akautazama kwa huruma. "Hiyo ngumi au ndimu?" Akamwita kijana wa mkokoteni aliyekuwa anasubiri chenji: "Wewe, kunja ngumi tuone." Yule kijana akakunja kitu kama mkate wa mofa. Mama akapiga upawa mara tatu, akasema haya, ngumi hiyo, umeridhika? Watu benchi zima wameacha kutafuna.

Nikasema, mayu, punguza. Ndilo lililokuwa kosa langu. Katika kibanda kile, tangu kisimame, neno "ongeza" limesemwa mpaka limechakaa. "Punguza" ilikuwa mara ya kwanza.

Mzee wa saa, anayekaa kona, akaniangalia juu ya miwani. "Fundi, umeokoka?" Nikasema hapana. "Umekuwa Msabato?" Mzee, Wasabato wanakula wali. "Sasa nini?" Kinyozi akadakia kwa sauti ya chini, ile sauti ya chini inayosikika mpaka barabarani, kwamba wanaoanza kukataa chakula hivi hivi wengine tumeshawasindikiza. Dada wa mitumba akasema tusimseme mwenzetu, yeyote anaweza kuugua. Nani anaugua? Kuna mteja wangu mmoja naye, suruali yake iko kwangu wiki ya tatu, nilikuwa nimejificha nyuma ya nguzo asinione. Akainuka. "Kumbe ndiyo maana haiishi. Mtu huna nguvu hata ya kukanyaga cherehani!"

Lakini mama mwenyewe hakuwa kwenye ugonjwa. Alikuwa ameshaweka sahani chini, anafuta mikono kwenye kanga polepole.

"Fundi. Wewe unahama."

"Nahamia wapi, mayu?"

"Usinifiche. Mimi nimewaona. Mtu anaanza kupunguza wali. Kesho anasema chai tu inatosha. Keshokutwa banda limefungwa, na cherehani imeshapanda basi la Kahama. Yule fundi viatu alianza na supu tupu hivihivi, akasema tumbo, tumbo. Mpaka leo lile tumbo sijaliona." Akavuta daftari kutoka chini ya kopo la chumvi. "Elfu thelathini na nane mia tano."

Nikamwambia mayu, siyo deni, ni presha. Akasema ndiyo, presha ya deni.

Sasa nikaona heshima yangu inamwagika mbele ya watu. Nikasimama. Nikaweka kola sawa. Nikasema, ndugu zangu, mwili wa binadamu una mahesabu yake. Sahani inagawanywa: nusu mboga, robo wanga, robo samaki au maharage. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia, hata hujakiona, kina nguvu inayokaribia ya chapati ndogo. Nilikuwa naendelea vizuri, nakumbuka mpaka habari ya nyuzinyuzi, kumbe kinyozi amekuja nyuma yangu, amechomoa futi yangu shingoni, amenizungushia kiunoni. Futi yangu mwenyewe! Akaitangaza kama mnada: "Arobaini na mbili na nusu!"

Nimepima viuno vya watu wa mji huu kwa siri miaka yote. Mama anaingia na 46, namwandikia 46, nafunika daftari, hata mume wake hajui. Ikifika zamu yangu inatangazwa mpaka kwa wauza ndizi. Mzee wa saa akasema, "Bado ana akiba huyo, hafi leo." Watu wakarudi kula. Nikabaki nimesimama na nyuzinyuzi zangu.

Kwa hasira nikatoa elfu kumi ya kununulia zipu, nikaiweka juu ya daftari. Nikasema kata hapo. Mama uso ukafunguka kama dirisha. Akasema fundi jamani, nilikuwa nakutania tu, mimi na wewe ni ndugu. Akainama kwenye sufuria kubwa, nikasikia upawa unakwangua. Kwa sauti ile, nikajua nimekwisha.

Akanitilia ukoko. Mpana kama kiganja, wa kahawia, umeshika mafuta na kachumvi pembeni, juu yake akamwagia mchuzi wa sangara kidogo tu, wa kuulainisha katikati, pembeni uendelee kulia. "Nyongeza," akasema. "Huu hauandikwi."

Hicho ndicho nilichokiacha kwenye orodha.

Sikuhesabu. Nakumbuka kijana wa mkokoteni akiniambia pumua. Samaki wa kuchemsha alibaki ananitazama kwa jicho moja, sikumgusa.

Jioni binti ananiuliza, "Baba, mchana ulikula nini?" Nikasema mboga. Na sikudanganya, zilikuwepo. Akafurahi, akaniletea karoti tatu zimechongwa kama penseli, eti nikitazama taarifa ya habari nitafune badala ya karanga. Nimetafuna. Taarifa ya habari sikuisikia.

Mama watoto akasema kama bado nina hamu ninywe maji glasi mbili. Sawa. Maji gani? Bomba la kwetu lina siku ya tano linapumua tu. Ukilifungua linakohoa, linatoa tone moja la kutu, linanyamaza. Ukipiga simu kwa wenye maji unaambiwa yanashughulikiwa, endelea kuwa mvumilivu. Ziwa lile pale! Nikisimama juu ya jiwe la jirani naliona lote, linameta, na taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga usiku kama mji mwingine. Watu wanatoka mbali kuja kulipiga picha. Mimi nalitazama nimeshika ndoo tupu.

Kwa hiyo niko kwenye foleni kwa jirani mwenye tangi. Anauza ndoo shilingi mia mbili, na leo ameamka na lake, anasema ndoo yangu ni kubwa kuliko ndoo za wenzangu, niongeze mia. Nikamwambia hii ni ndoo ya lita 20 kama zote. Akasema hapana, hii imetanuka, mimi najua ndoo. Imetanuka! Tukabishana mpaka watu wa nyuma wakaanza kupiga miluzi. Mwisho nikasema basi tusigombane, futi ninayo shingoni.

Tumeipima mdomoni, mbele ya mashahidi. Thelathini na tisa na nusu.

Yaani ndoo.