Nyumba za mawe za Lamu: kabla ya kumlaumu aliyeuza

Kila nyumba ya mawe inapouzwa Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, maneno ya barazani ni yale yale: wameuza urithi wa wazee, wameitia mikononi mwa wageni, kesho Amu, yaani Lamu, itabaki bila Waamu. Malalamiko hayo yana haki yake, nayo nitayafikia. Ila lawama yote humwangukia muuzaji, na muuzaji huyo haeleweki kwa sababu watu huutazama mlango wa nakshi na zidaka, vishubaka vya ukutani, wasiinue macho kuitazama dari.

Chumba cha nyumba ya Kiamu ni kirefu na chembamba, upana wake mita 2.5 hadi 3 tu. Kilichoamua upana huo ni boriti, gogo la mkoko linalobeba dari. Mkoko wenye unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi haubebi mzigo wa mawe kwa nafasi pana kuliko hiyo bila kupinda. Boriti hupangwa kwa umbali wa kama sentimita 30, juu yake hulazwa vipande bapa vya matumbawe, kisha kokoto na chokaa, halafu husakifiwa kwa kupigwapigwa na vijiti siku kadhaa mpaka ikaze. Chukua chumba cha mita 2.5 kwa 8, chenye sakafu ya juu ya unene wa sentimita 30. Hizo ni mita za ujazo 6, karibu tani 9, zimelala juu ya boriti zipatazo 26.

Ugonjwa huanzia pasipoonekana, kwenye ncha ya boriti iliyozama ukutani. Ufa mdogo kwenye sakafu ya juu hupitisha mvua ya masika, maji hufuata boriti hadi ukutani, na ncha huoza huku sehemu ya katikati, hiyo unayoiona ukiwa umelala kitandani, ikiwa nzima kabisa. Kisha huja dawa inayoua: mtu hununua mifuko miwili ya simiti akaziba ufa. Chokaa hupumua na kujongea kidogo na joto. Simiti ni ngumu, haifuati mjongeo huo. Baada ya msimu mmoja inapasuka pembeni, maji yanaingia tena, na safari hii hayana pa kutokea. Matengenezo sahihi ni kuegemeza miega chini, kutoa boriti mbovu moja moja, kupaka lami ncha za mpya, kuacha uwazi wa hewa ukutani, na kurudishia kwa chokaa iliyozimwa na kulazwa wiki kadhaa, kipimo kimoja kwa mchanga vitatu, mchanga usiwe wa pwani wenye chumvi. Kazi hiyo haitaki haraka wala fundi wa kuokotwa. Boriti zenyewe hazipatikani kila wakati: katazo la 2018 la kukata miti katika misitu ya umma lilipofika kwenye mikoko, mafundi walikaa na kazi nusu.

Sasa, nani alipe? Zamani swali hili lilikuwa na jibu. Nyumba ilikuwa ya mwanamke. Baba alimwandalia binti yake nyumba au orofa alipoolewa, mume akahamia kwake. Binti wa pili akijengewa ng'ambo ya kichochoro, wikio, chumba cha daraja juu ya kichochoro, liliunganisha nyumba mbili ili dada watembeleane bila kushuka njiani. Kila orofa ikawa na mwenyewe, na mwenyewe akalala chini ya dari yake, akisikia tone la kwanza.

Mirathi ikipita mara mbili bila kugawanywa, hesabu hubadilika. Mama mwenye nyumba anafariki, anaacha mume, wana wawili na mabinti watatu. Kwa mirathi ya Kiislamu, mume robo, iliyobaki ni mafungu saba: mwana mawili, binti moja. Mume naye akifariki, bila mrithi zaidi ya hao watoto watano, kila mwana ana 2/7 na kila binti 1/7. Mwana mmoja anafariki, anaacha mjane, mtoto wa kiume na wasichana wawili. Mjane anapata 1/28 ya nyumba, kila msichana 1/16. Wenye nyumba wamekuwa wanane, na hapo ni kizazi cha tatu tu. Katika korija moja ya boriti, yaani 20, msichana huyo anapaswa kununua boriti moja na robo. Mama yake hata moja haimtimii. Msichana yuko Mombasa, au Jeddah, hajawahi kulala humo, na mvua inanyesha. Mmoja wa wanane akitoa fedha zote, ametengeneza mali ya wengine saba, na hakuna anayemlipa. Kwa hiyo hatoi. Familia hiyo inapouza, mara nyingi ndiyo siku ya kwanza kwa miaka 20 wote wanane kukubaliana jambo. Kuuita huo uroho ni kutojua kugawanya.

Wengine husema dawa ni wakfu wa familia, kwani wakfu hauuzwi. Kweli hauuzwi, lakini wakfu usio na duka la kukodisha hauna fedha za chokaa, na magofu yaliyo wakfu ni magofu vilevile.

Wanaopinga kuuza wana hoja nzito moja. UNESCO iliingiza mji huu katika Urithi wa Dunia 2001, na sababu mojawapo ni kuwa watu hawakuacha kuishi humo. Nyumba iliyofungwa miezi kumi kwa mwaka ina dari nzuri, lakini daka lake, baraza la mlangoni, halina mtu, na msikiti wa jirani unakosa safu. Wanunuzi nao hukosea wanapoweka choo katika kila chumba karibu na visima vifupi, na tangi juu ya sakafu ile ile ya tani 9: lita 1,000 ni tani nyingine.

Wanachokosea wapinzani ni kudhani kuwa sheria itairudisha nyumba kwa wenyewe. Tangu Katiba ya 2010, asiye raia hamiliki ardhi zaidi ya miaka 99, na waliokuwa na umiliki wa kudumu waligeuzwa kuwa wapangaji wa muda huo. Mwaka 2109 ukifika, ardhi hiyo ni ya umma. Wale wanane hawamo.

Familia inayoweza kusubiri ina njia nyingine: kukodisha kwa miaka 15 au 20, mkataba ukitaja chokaa kwa jina, ukikataza simiti na tangi la juu, na ukimpa mmoja wa warithi uwakala ulioandikwa mbele ya kadhi. Orofa ya chini ibaki ya familia ikiwa ina ngazi yake. Na kabla ya kutia saini, fundi atoboe ukuta kwenye ncha ya kila boriti achome kwa bisibisi. Ikizama kwa urahisi, bei ya kodi inazungumzwa upya.