Uso Usiojua Kudanganya: Utamu wa Filamu Bubu za Mapenzi

Mazungumzo kuhusu vichekesho vya filamu bubu aghalabu huanza na Charlie Chaplin, hupita kwa Buster Keaton na kuishia hapo. Naona kwamba kwa kufanya hivyo tunajinyima filamu nyingi za mapenzi zilizotengenezwa Marekani katika miaka ya mwisho kabla ya sauti kuingia sinema, ambazo utamu wake hautokani na watu kuanguka na kukimbizana, bali na wawili wanaofichana jambo ambalo mtazamaji amekwisha kulisoma nyusoni mwao.

Ninayoipenda kuliko zote ni My Best Girl ya mwaka 1927, iliyoongozwa na Sam Taylor. Mary Pickford, ambaye wakati huo alikuwa pia mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya filamu ya United Artists, ni Maggie, msichana wa stoo katika duka kubwa la bidhaa za bei nafuu. Charles Rogers ni Joe, mwana wa mwenye duka, anayefanya kazi humo kwa jina la uongo ili athibitishe uwezo wake. Wanakula chakula cha mchana ndani ya kasha la mizigo. Baadaye wanatembea katikati ya magari, mvua ikiwanyeshea, wala hawana habari.

Hata hivyo, kinachonifanya niitetee filamu hii ni sehemu iliyo karibu na mwisho. Maggie, akiamini kwamba ndoa yao itamharibia Joe maisha, anajipaka rangi ya mdomo na kujifanya mwanamke aliyekuwa akifuata fedha tu. Maandishi kwenye skrini yanatupa maneno yake makali, kisha tunarudishwa usoni pake, na uso unayakanusha yote. Katika filamu ya sauti, mtetemo wa sauti ungetufichulia uongo huo papo hapo. Hapa maneno na uso vimetenganishwa, na ni mtazamaji anayevikutanisha, ndiyo maana tunacheka huku koo likitukaba.

Karibu nayo naiweka The Patsy ya King Vidor, ya mwaka 1928, ambamo Marion Davies, binti mdogo anayedharauliwa na mama yake, anawaiga Lillian Gish, Mae Murray na Pola Negri, waigizaji nyota wa enzi hiyo, hasa kwa kubadili macho na midomo. Mwigizaji mwenye kipaji hicho bado hutajwa zaidi kama mpenzi wa tajiri wa magazeti, William Randolph Hearst, kuliko kama mchekeshaji, na hiyo ni dhuluma.